Jua Lililofumba Macho

Mimi skuli niliiacha darasa la tisa, au tuseme tuliachana kwa wema. Mwalimu wa jiografia alinisimamisha akaniuliza mji mkuu wa Urugwai, nikamjibu kuwa sijui, na kwamba mtu mwenye akili zake atakwenda kufanya nini huko hata aujue. Darasa likacheka. Nikafukuzwa siku tatu, nikaziona haba, nikajiongezea mwenyewe mpaka leo.

Lakini Mungu ana mambo yake. Ilipita miaka saba tu, Urugwai ikanifuata mwenyewe Ibra, kwetu Omani, ikapanda mbele kwenye pikapu yangu, ikateremsha kioo, ikaanza kunywa chai ya majani ya kwao, kibuyuni, kwa mrija wa chuma.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa Urugwai. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho, na kampuni iliyoniajiri ilikuwa inalaza mabomba ya maji baina ya Ibra na Sur. Kazi yangu kumbeba fundi huyu na mitungi yake ya gesi, kumpeleka pale bomba lilipofika, kumngoja, na kumrudisha. Mtu mkubwa, masharubu, shingo nyekundu kama nyanya. Yeye Kiingereza chake cha kuokoteza na mimi changu cha sokoni, tukavichanganya, ikatoka lugha ambayo duniani tulikuwa tunaijua watu wawili.

Siku ya kwanza tu alichomeka bendera ndogo ya kitambaa kwenye kitundu cha kipoza hewa, baridi ikipuliza na bendera inapepea. Mistari myeupe na ya buluu, na kwenye pembe ya juu jua la dhahabu. Jua lenyewe lina uso. Sisemi uso wa kudhania, kama ule wanaosema upo kwenye mwezi. Uso khaswa, macho, pua, mdomo, na mashavu ya mtu aliyekula akashiba. Nilikuwa naendesha huku linanitazama. Nikikata kona linanitazama. Nikijikuna linanitazama.

"Kwa nini lina uso?" nikamuuliza.

"Ili lituone," akasema, kama jambo lililo wazi.

Njia ya Ibra mpaka Sur ni ndefu na haina cha kutazama ila mawe na ngamia asiye na haraka, basi kidogo kidogo akanisomesha nchi yake yote. Alinionyesha pasipoti yake, juu yake pana nembo: mizani, kilima chenye ngome, farasi anakimbia, na ng'ombe kasimama. Mizani ni haki, akanambia, ngome ni nguvu, farasi ni uhuru, na ng'ombe ni neema. Nikamuuliza, ng'ombe mwenyewe anajua kama yeye ni neema, au wanamla bila ya kumwambia? Akacheka mpaka yale majani yakamtokea puani. Ua lao la taifa ni jekundu, linaota juu ya mti, akanichorea kwenye vumbi la kioo kwa kidole, likatoka mfano wa upanga wa jogoo. Na wimbo wao wa taifa alinimbia siku moja. Alianza tukitoka Ibra. Nikasimama kutia petroli, nikenda nikanunua maji, nikarudi, bado yumo. Mkono kauweka kifuani, macho yake mekundu. Hapo sikumfanyia mzaha, nikatia gea.

Alikuwa hajakwenda kwao mwaka wa pili. Mkewe na binti yake walikuwa huko, na kila Alkhamisi jioni nilimpeleka kwenye kibanda cha simu Sur. Mimi nakaa garini namwona kwa mgongo. Mgongo wa mtu anayezungumza na binti yake haufichiki.

"Na weye?" akaniuliza siku moja. "Alama yako nini?"

Nikamwonyesha khanjari na mapanga mawili kwenye leseni yangu. Akasema hiyo ya serikali, anauliza yangu. Nikarudi nyumbani nikamuuliza mama. Mama yangu kazaliwa Unguja mjini, Omani kaja mtu mzima, na mpaka leo Kiarabu anakizungumza kama anayetembea kwa viatu vya kuazima. Alikuwa anachambua mchele.

"Alama yangu miye ni harufu ya karafuu zikianikwa," akasema. "Na hiyo haishoneki kwenye bendera. Lete ungo ule."

Mimi jibu langu nilikuwa nalo, ila nilimwonea haya fundi kumwambia. Alama yangu ilikuwa msichana wa Sur.

Nilikuwa nimeshaposa. Alikuwa binti wa jamaa zetu wa upande wa mama, nao ni watu wa Unguja waliorudi kama sisi, baba yake ana duka la rangi na misumari. Nilimjua utotoni, kwenye arusi moja, nilimwambia meno yake ya mbele yamekwenda safari, akanipiga kandambili ya sikio. Basi. Baada ya hapo akakua, akawa wa ndani, na mimi nikakua, nikawa wa barabarani. Yote niliyoyajua juu yake yaliletwa na dada yangu, aliyekuwa akenda kwao kila mwezi: kasema hivi, kacheka vile, kavaa buluu. Mimi nilikuwa nachukua habari tatu hizo naondoka nazo kwenye pikapu, zinanitosha mwezi mzima. Nilimtengenezea hata sauti. Nyembamba, ya upole. Nilizungumza naye sana njia ile, fundi akisinzia.

Kwetu msichana akishaposwa humshonea mchumba wake kofia. Kofia ya mkono si mchezo. Unachora ua kwa kalamu ya risasi juu ya kitambaa cheupe, kisha unatoboa vitobo vidogo vidogo, kila kitobo unakizungushia uzi, mamia kwa mamia, mpaka ua litokee. Miezi minne, mitano. Mwanamke anakushonea kofia na macho yake yanapungua. Na mwanamme akiivaa Idd, watu hutazama ua kwanza, ndipo wakamtazama yeye.

Dada akanijia na ujumbe. "Kaka, anauliza unataka ua gani."

Mtu mwingine angesema lolote atakalo yeye. Mimi nilitaka ua ambalo Omani nzima hana mtu. Nikaichukua bendera ya fundi, nikaweka karatasi juu yake, nikalinakili lile jua, miale yake kumi na sita, mmoja umenyooka na mmoja umejipinda, na uso wake katikati. Pua ilinishinda, ikatoka kama bamia. Nikampa dada apeleke.

Mwezi wa pili yake dada akarudi na karatasi ile ile. "Anasema hili lina uso. Anauliza ndivyo kweli? Kofia ya kuswalia?"

Hapo palikuwa pahala pa kusimama. Sisi picha ya kiumbe hatuiweki ukutani tunapoelekea kuswali, sembuse kichwani. Mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini nilishaona raha ya kuwa na kitu changu peke yangu, nikasema, "Mwambie ndivyo. Hiyo ni alama ya nchi, si sanamu. Ashone hivyo hivyo."

"Ya nchi gani?"

"Ya mbali."

Basi nikangoja. Jamani, nilingoja. Nikiamka asubuhi nasema sasa yupo kwenye mwale wa tano. Nikipita mahala pana wembamba wa barabara, mlima huku na huku, nasema sasa keshafika shavuni. Fundi anahesabu siku zake za mkataba kwenye kalenda ya ukutani, na mimi nahesabu vitobo nisivyoviona. Tulikuwa watu wawili kwenye gari moja na kila mtu yuko kwao.

Kofia ilikuja siku mbili kabla ya Idd ndogo, imefungwa kwenye leso. Nikaifungua chumbani, mlango nimeutia komeo.

Alishona kila kitu. Maua ya kawaida yamezunguka kofia yote, ya kiungwana, ya kwetu, na upande mmoja, padogo, pa ukubwa wa kifungo cha koti, jua. Miale kumi na sita nilihesabu. Pua kainyoosha, bamia halipo. Na macho kayafumba. Mimi nilichora macho wazi, yeye katia nyuzi mbili zimeinama, kama kope, jua limelala. Na mdomoni kalitia kicheko kidogo sana, cha mtu anayejifanya kalala ili asiitwe.

Nilikaa na kofia ile mapajani mpaka mama akagonga mlango akauliza kama nakufa. Nilikuwa nimefahamu kitu. Yeye alijua haifai, na mimi nimemng'ang'aniza, basi katafuta njia ya kunipa nilichotaka na kukipunguzia ubaya: jua lenye uso lakini halitazami mtu. Hiyo akili nilikuwa sina, na nilitaka kuwa nayo nyumba moja.

Asubuhi ya Idd nikaondoka Ibra giza bado, nikenda kuswali Sur, kwa wakwe zangu. Nilitaka nionekane mtu wa dini. Ndani ya gari nikaivaa kofia, nikatazama kwenye kioo. Jua nimelizungusha nyuma, kisogoni. Mbele ya watu niwe safi, maua ya kiungwana matupu, na jua langu libaki nyuma, siri yangu. Umri wote ule nimeswali kwenye safu nikitazama visogo vya watu, na haikunijia kuwa na mimi ninacho.

Na nikafanya kosa la pili. Ilinipasa nipite kwanza nyumbani kwa baba yake msichana, ambaye mimi namwita ami, nimwamkie, tufuatane kwenda uwanjani. Mimi nikenda moja kwa moja, nikakaa safu ya tatu, nimenyooka kama msumari. Yeye kumbe alikuwa barazani kwake ananingoja. Kaningoja mpaka takbiri zimekaribia, akaona nimechelewa, akaja mbio na magoti yake mabovu, safu zimejaa, akapata nafasi safu ya nne. Nyuma yangu. Nyuma yangu khaswa.

Nilipotoa salamu na kugeuka kupeana mikono na watu, nikamwona. "Shikamoo, ami. Idd mubarak."

"Marahaba. Idd mubarak," akasema. Uso wake haukuonyesha kitu. Ila jicho lake lilikuwa bado lipo juu ya kichwa changu.

Tukenda kwake. Tandiko, halwa, kahawa, arsia, wali uliopondwa na nyama, inafuka mvuke, shemegi zangu wawili wakubwa wamekaa huku na huku. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani wanawake, na nilijua yupo, kwa sababu sauti ya bangili ilikuwa inakuja na kuondoka, na dada yangu alishanambia kuwa kavaa bangili za shaba za bibi yake.

Ami akanywa kahawa yake kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, karani wa zamani wa Unguja, kila neno kama anaandikia fomu.

"Kofia hiyo mpya?"

"Mpya, ami."

"Kazi nzuri, maashallah. Na lile lililoko nyuma, nani kalichora?"

Bangili zikanyamaza.

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa fupi: mimi, ami, nisamehe. Hata mimi wa darasa la tisa naweza kulisema. Lakini shemegi zangu wananitazama, na kimya kilikuwa kizito, na mimi kimya kikiwa kizito mdomo wangu unakwenda wenyewe kama gari lisilo breki.

"Ami, mimi kazi yangu kichwa tu," nikasema. "Yaliyo juu yake muulize fundi wa kike."

Shemegi zangu wakacheka. Mmoja alinipiga begani. Ami hakucheka. Alikitikisa kikombe chake kuonyesha katosheka, akakirudisha kwa mwanawe.

"Khair," akasema. "Nitamuuliza."

Nilirudi Ibra nimefurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani nimevuka.

Dada alikwenda Sur baada ya wiki mbili, akarudi hakuvua hata buibui. Akanikuta nakula.

"Kaka, weye una akili kichwani au una kofia tu?"

"Nini tena?"

"Baba yake kamuuliza nani kachora. Kanyamaza. Kamuuliza mara ya pili, kanyamaza. Sasa kaweka sindano, hashoni. Kofia za kaka zake hashoni, za watu hashoni. Na baba yake kamwambia mamake kuwa mambo ya nikahi yatazamwe baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye," akasema dada. "Ile baadaye yenyewe."

Mimi nikaona adui ni uso. Nikachukua wembe na kofia nikasema nifumue uso ule, yaishe. Nikaweka ncha ya wembe kwenye zile kope. Mkono ulikataa. Siwezi kueleza vingine. Nilikuwa nimekaa nazo tu, nyuzi mbili, ndizo zote nilizonazo za mkono wake, nikairudisha kofia kwenye leso.

Nikamwambia fundi. Sikujua nimwambie nani, na yeye alikuwa amekaa pale mbele, hawezi kuteremka gari linakwenda. Nikamsimulia yote, jua lake, kofia, swala, kahawa, na nilivyojibu. Akauchomoa mrija mdomoni.

"Nenda ukamwambie yule mzee," akasema. "Kesho."

"Kesho tuna kazi."

"Mimi ndiye kazi yako. Nakupa ruhusa."

Sikwenda. Kila Jumamosi akipanda gari ananiuliza, "Ulikwenda?" Nami nina la kusema. Mara ami ana mafua, sitaki kumsumbua. Mara gari lina mlio. Mara Ramadhani imekwisha, watu wamechoka. Akanambia Ramadhani imekwisha miezi miwili sasa. Nikamwambia ndiyo, lakini uchovu wake.

Siku moja tulikaa kula mchana kwenye shamba la mitende pembeni mwa Ibra, karibu na mfereji. Akatokea yule ndege wa mashambani, miguu mirefu ya manjano, kichwa cheusi, akaanza kupiga kelele, anakimbia huku na huku, anachachatika kama kaibiwa. Fundi akaacha mkate wake. Akasimama. Nikadhani kaumwa na nge.

"Huyu kwetu yupo," akasema. "Ndugu yake. Ndiye ndege wetu wa taifa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akamtazama mpaka ndege kachoka. Kisha akakaa, akanambia: "Unajua kwa nini anapiga kelele pale? Kwa sababu mayai yake hayapo pale. Mayai yapo kule, kimya. Kelele anakuja kuzipiga huku, ili utazame huku."

"Mjanja," nikasema.

"Ndiyo. Weye ungekuwa raia mwema wa nchi yetu. Weye ndiye ndege wetu wa taifa."

Nilicheka. Akacheka. Halafu nikaukunja mkate wangu uliobaki, nikenda kuwasha gari.

Alipobakiza wiki moja kurudi kwao, siku ya Alkhamisi, badala ya kumpeleka kwenye simu akanambia kata kushoto. Nikamwambia simu iko kulia. "Leo nitapiga baadaye," akasema. "Kata kushoto." Alikuwa ameuliza mwenyewe njia ya duka la rangi na misumari. Akabaki kwenye gari, kioo wazi, joto lile, na kibuyu chake cha majani mkononi. Ilikuwa mwezi wa nne tangu Idd.

Ami alikuwa nyumbani, nyuma ya duka, katoka kuswali alasiri. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikakaa pale pale nilipokaa siku ile. Kahawa ikaja, sikuigusa.

"Ami, nimekuja kusema kuhusu ile kofia. Nimechora mimi. Yeye aliniuliza kama inafaa, nikamng'ang'aniza. Kosa langu lote."

"Najua," akasema.

Nikamtazama.

"Mwanangu nimemlea mimi. Kushona anajua, kuchora jua la watu wa mbali atakutoa wapi? Nilijua nilipokuuliza. Nilikuuliza ili useme."

Sikuwa na pa kuweka mikono.

"Jua halikunikera sana," akasema ami. "Nyuzi zinafumuliwa. Nimemuuliza yeye mara mbili, hakukutaja. Mamake akamwambia mtaje, umalize. Akasema, atasema mwenyewe." Akasogeza kikombe changu karibu yangu, kama mtu anayenionea huruma. "Miye nimekusamehe, mwanangu, na moyo wangu safi. Lakini aliyengojeshwa si miye."

Akainuka, akenda kwenye mlango wa ndani, akasema neno. Nikasikia bangili. Akarudi akakaa. Pazia halikufunguliwa, ila chini yake nikaona ncha za vidole vya miguu, zimepakwa hina ya zamani inayofifia.

"Asalaam alaykum," akasema.

Nikajibu. Sauti haikuwa ile niliyomtengenezea. Ilikuwa nzito kidogo, ya chini, ina mkwaruzo, sauti ya mtu aliyezowea kucheka. Miaka yote ile nilikuwa nazungumza na mtu mwengine.

"Nimesikia ulivyomwambia baba. Ahsante," akasema. "Mimi nilijua utapiga simu. Wiki ile ya kwanza nilihamia kwenye simu, mama akanicheka, akasema nikuletee na mto? Ikilia naikimbilia. Kila mara mtu anauliza kama duka liko wazi." Akacheka kidogo, kweli akacheka, na huku analia au mimi nilidhani analia, sikuona. "Sina hasira na weye. Lile jua nilicheka nalo miezi mitano nikilishona. Lakini nimekaa nikafikiri. Nyumbani pana maradhi, pana mtoto, pana kufiwa. Siku nitakayokuwa na shida, utafanya mzaha, watu watacheka, kisha ukweli utakuja kunambia baada ya miezi minne. Mimi siwezi kungoja hivyo kila mara."

Nilikuwa na mzaha. Nataka kusema kweli yote: ulikuja, ulifika mpaka ulimini, na ulikuwa mzuri. Nikaumeza. Ulikuwa wa kwanza kuumeza maishani mwangu na nadhani ndio uliokaa vibaya tumboni.

"Haki yako," nikasema.

"Allah akupe kheri," akasema.

Vidole vile vikaondoka chini ya pazia. Ami akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo ada.

Fundi hakuniuliza. Alinitazama mara moja nilipopanda, akaizungusha bilauri yake ya kibuyu akanipa mimi ninywe. Chungu kama shubiri. Nikanywa yote. Nikampeleka kwenye simu yake, nikamwona kwa mgongo, na safari ile nilikuwa na wivu hata na mgongo ule, kwa sababu ulikuwa na mtu upande wa pili anayemngoja na hajachoka.

Wiki ya pili yake nikamfikisha uwanja wa ndege Maskati. Bendera aliing'oa kwenye kitundu cha kipoza hewa akaitia mfukoni, mfuko wa shati, upande wa moyo. Kwanza alitaka kuniachia. Nikamwambia chukua mwenyewe, mimi nchi yako nimeshaitia aibu ya kutosha.

Yule msichana alikwenda chuo cha ualimu Nizwa, akaolewa huko huko, na mwalimu mwenziwe, mtu mzuri, nimeuliza. Mimi baada ya mabomba nikaingia biashara ya kubeba mizigo, na miaka ya elfu mbili njia yangu ikawa ya Samail na Nizwa, mara mbili kwa wiki, mitende huku, ngome kule, skuli zinatoka saa saba na nusu, walimu wanatoka na mabuibui yao meusi, wote sawa. Sikusimama hata siku moja. Nilikuwa napunguza mwendo tu, na hiyo sheria ya barabara inataka, palikuwa na kibao.

Nimeoa. Mke wangu ni mtu wa Ibra, anaijua habari hii toka mwanzo mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyenambia niiandike, labda nitanyamaza. Anasema mimi nina tabia moja haielewi. Simu ya nyumbani ikilia, hata kama naswali sunna, hata kama nina sabuni machoni, naikimbilia, naishika kabla haijalia mara ya pili. Wanangu wananicheka. Mara nyingi ni mtu kakosea nambari. Namjibu kwa upole, namwambia hapana, si hapa, na simwachi akate mpaka nimemuuliza kama yeye hajambo.